Mdogo wangu ana ulemavu wa akili na ana mwaka wa pili kazini hapa Moshi. Mliouliza tulifanyaje, karibuni

FundiMahema (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Kwenye ule uzi wa ajira niligusia kwamba mdogo wangu wa kiume ana ulemavu wa akili na anafanya kazi, PM zikajaa. Kujibu mmoja mmoja nimeshindwa, naandika hapa mara moja. Ni ndefu, mwenye chai aimimine kabisa.

Mimi ni fundi cherehani, ila sishoni magauni. Nashona mahema: zipu zilizokufa, turubai zilizochanika, mifuko ya kulalia iliyopasuka. Wateja wangu ni kampuni za kupandisha wageni mlimani. Mdogo wangu ana miaka 24. Alisoma kitengo cha elimu maalumu mpaka mwalimu akatuambia kwa upole kwamba sasa amekuwa mtu mzima, apumzike nyumbani. Hasomi. Anahesabu mpaka saba akiwa ametulia, akiharakishwa anaishia nne. Ukimpa maagizo mawili kwa mpigo, linabaki la pili.

Kazi ya kwanza tulimtafutia sehemu ya kuoshea magari. Nikampeleka asubuhi, nikamkabidhi kwa msimamizi, nikashukuru sana, nikaenda zangu. Siku ya nne nikapigiwa simu: "Dada, njoo umchukue mtu wako, hasikii." Nikamkuta anaosha mlango wa mbele wa Noah. Mlango huohuo tangu saa mbili asubuhi, unang'aa mpaka unajiona meno. Kaambiwa "osha gari", na yeye alikuwa anaosha gari. Hakuna aliyemwonyesha kwamba mlango ukiisha unahamia boneti. Na mimi mwenyewe sikuwepo kumwonyesha, maana nilidhani kazi yangu iliishia pale nilipomtafutia kazi.

Nilikaa na hilo mwezi mzima. Baadaye mteja wangu mmoja mwenye stoo ya vifaa akawa analalamika kwamba pegi za mahema, vile vijiti vya kukazia hema ardhini, zinapotea, wagumu (wapagazi) wanarudi kutoka mlimani wamechoka, kila mtu anatupa vitu kwenye gunia na kwenda kulala. Nikamwambia: nipe nafasi ya mtu mmoja wa pegi, na mimi nitakaa naye. Akacheka, ila akakubali kwa wiki mbili.

Hapo ndipo nilipotumia kichwa. Nilimwomba fundi seremala anitobolee ubao matundu 14, kwa sababu hema la watu wawili la pale lina pegi 14. Mdogo wangu hahitaji kuhesabu. Anamwaga mfuko wa pegi mezani, anachomeka moja moja. Ubao ukijaa, anafunga mfuko anaweka kulia. Tundu likibaki wazi, anaweka kushoto, mzee wa stoo atakuja kuangalia. Pegi iliyopinda inaingia kwenye ndoo. Basi.

Ngoja nipokee mteja, naendelea.

---

Chalii_Ngaramtoni

Tiririka dada, tupo. Hiyo ya mlango wa Noah imenichoma aisee.

---

FundiMahema

Naendelea.

Wiki ya kwanza nilikaa naye kuanzia saa mbili mpaka saa nane. Nilikuwa simwambii kwa mdomo, nafanya mbele yake, halafu namwachia. Akikosea simkemei, naurudisha mkono wake pale alipoachia. Wiki ya pili nikahamisha kiti, nikakaa mlangoni. Huu mlango ulinitesa kuliko yeye. Unamwona ameshika pegi, anaitazama, anakutazama, nawe unatazama juu kama unahesabu mabati. Wiki ya tatu nikawa nafika asubuhi tu. Ya tano nikawa napiga simu kwa mzee wa stoo jioni.

Pembeni ya hapo kulikuwa na daladala. Kazi ya pegi aliishika kwa siku sita, safari ya kutoka nyumbani Pasua ikachukua karibu mwezi. Nilipanda naye, kisha nikapanda nikiwa nimekaa siti ya nyuma, kisha nikamfuata na boda. Alama yake ya kushuka ilikuwa kibanda cha chipsi chenye mwavuli mwekundu. Siku mwenye chipsi alipougua na mwavuli haukufunguliwa, jamaa akafika mwisho wa gari. Konda mmoja ndiye aliyemrudisha. Kuanzia siku ile makonda wawili watatu ndio walinzi wake, na hakuna aliyewalipa.

Kosa langu kubwa: nilijitoa nikasahau kwamba stoo ina mahema ya aina mbili. Mwezi wa pili likaja hema la kulia chakula, lile kubwa, pegi 22 na nene. Akajaza ubao, matundu yakaisha, pegi bado anazo mkononi. Akakaa. Wakamwambia aendelee na hema jingine, hataki. Saa kumi, saa kumi na moja, hataki. Nikapigiwa: "Mtu wako amegoma." Nilipofika alinyanyua ule ubao akanionyesha, basi. Alikuwa anasubiri matundu. Kesho yake tulimletea ubao wa pili umepakwa rangi nyekundu, na mfuko wa pegi kubwa ukafungwa kitambaa chekundu. Tangu hapo hajagoma tena.

Ninachotaka kusema kwa wote mlionitumia PM mkiomba "connection" ya kazi kwa ndugu zenu: connection ni siku moja. Wiki tano zinazofuata ndizo zinazoamua, na hizo nilizilipia mimi kwa zipu ambazo sikushona.

---

BosiMdogo_AR

Dada hongera, ila niseme kama mwajiri. Nina lodge ndogo huku Arusha, watu 26. Nilishawahi kuchukua kijana wa namna hiyo kwa kumwonea huruma mzazi wake. Alivunja vyombo, wenzake wakawa wanafanya kazi yake, mwisho nikamwachisha na mzazi akaninunia mpaka leo. Biashara si kanisa. Swali langu ni moja: wewe ni dada yake na umejiajiri, umeweza kukaa wiki tano. Asiye na dada kama wewe nani atakaa naye? Mimi nimtoe mhudumu wangu mmoja? High season?

---

HR_Njiro

BosiMdogo una watu 26, kwa hiyo Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inakuhusu. Mwenye wafanyakazi 20 na zaidi anatakiwa angalau asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu wanaostahili kazi hiyo. Huruma haipo kwenye kifungu. Na Sheria ya Ajira ya 2004 inakataza ubaguzi kwa ulemavu.

---

MagurudumuMawili

HR, natumia kiti mwendo tangu 2009 na hiyo hesabu nimeipiga sana. Asilimia 3 ya watu 20 ni sita ya kumi ya mtu. Sijui anaajiriwa kuanzia wapi, kichwani au miguuni. Mtu mzima kamili unampata ukifika wafanyakazi 34, kwa hiyo waajiri wote niliowahi kuwafuata wana 33.

Sheria ya zamani ya 1982 ilikuwa asilimia 2 kwa wenye watu 50. Hiyo angalau ilitoa mtu mmoja mzima.

Nje ya utani: shida yangu mimi ni ngazi na choo. Nikipewa ofisi ya chini na mlango mpana, sihitaji mtu wa kukaa nami hata dakika kumi. Tukisema "walemavu waajiriwe" tunachanganya watu ambao mahitaji yao hayafanani kabisa. Anachokieleza dada hapa ni cha wale ambao hata sisi kwenye vyama vyetu tunawasahau. Mikutano ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vyetu, niliyohudhuria, anayeongea ni asiyeona, kiziwi kupitia mkalimani, na sisi wa viungo. Mwenye ulemavu wa akili anawakilishwa na mama yake, kama nauli ya mama ilipatikana.

---

Tiba_kwa_vitendo

Nimesomea haya mambo pale KCMC, niongeze kidogo.

Alichokifanya FundiMahema bila kufundishwa na mtu kina jina. Marekani wanakiita ajira ya kusindikizwa, na mtu wa kukaa naye wanamwita kocha wa kazi. Zamani kule utaratibu ulikuwa kama wetu wa sasa: mfundishe mtu kwanza kwenye kituo, akiiva ndipo atafutiwe kazi. Walio na ulemavu mkubwa walikuwa hawaivi. Wanakaa kwenye karakana za peke yao miaka na miaka, wanafungasha vitu kwa malipo chini ya kima cha chini, na sheria yao ya 1938 iliruhusu kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na mwalimu anaitwa Marc Gold, Illinois. Alichukua watu ambao wataalamu walishawaandika kwamba hawafundishiki, akawafundisha kuunganisha breki ya baiskeli, ile ya kukanyaga kinyumenyume, yenye vipande vingi vidogo. Alikuwa anaikata kazi vipande, kila kipande kina sahani yake, na maneno machache sana. Wakaweza. Ubao wako wa matundu, dada, ni ndugu wa zile sahani.

Baadaye wakina Paul Wehman kule Virginia wakageuza utaratibu mzima: mweke kazini kwanza, kwenye kazi halisi yenye mshahara, halafu mfundishe palepale. Sababu ni kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili akijifunza kwenye meza ya kituo, akihamia meza nyingine anakuwa anaanza upya. Mwaka 1986 ikaingia kwenye sheria yao ya utengamao, yaani ya kuwasaidia watu wenye ulemavu kuingia kazini. Na hapo ndipo jibu la BosiMdogo lilipo: anayemlipa kocha ni serikali, kwa kipindi maalumu. Kilikuwa miezi 18, sheria ya 2014 ikakipeleka 24. Mwajiri analipa mshahara wa mfanyakazi tu.

Wasiwasi wangu kwako dada ni mmoja. Kocha mzuri anamwandaa mtu wa palepale kazini kabla hajaondoka. Wewe umempata mzee wa stoo. Akistaafu?

---

FundiMahema

Tiba_kwa_vitendo, hilo la mzee wa stoo linaninyima usingizi, ana miaka 58. Kuna kijana mmoja wa jikoni wanapatana, wanakula pamoja mchana. Nimeanza kumshawishi kijanja, kila nikienda nampelekea ndizi.

BosiMdogo, sikulaumu hata kidogo. Ila yule wa vyombo, alifundishwa na nani, siku ngapi? Jibu unalo. Halafu nikuulize, lodge yako lazima ina kazi moja ambayo kila mtu anaichukia na inasahaulika. Kwa mwenzako zilikuwa pegi. Usitafute mtu wa kujaza nafasi ya mhudumu mzima, chonga nafasi kutoka kwenye vipande ambavyo wahudumu wako wanavikimbia.

---

Kijiwe_Mbuyuni

Graduate kibao wanaendesha boda, nyie mnajadili kuajiri mataahira. Nchi hii bwana.

---

MagurudumuMawili

Mangi, graduate akae mezani achomeke pegi 14 za hema mara arobaini kwa siku bila kushika simu, halafu urudi hapa utupe matokeo. Na hilo neno lako libaki hukohuko kijiweni.

---

NimepitaMirembe

Jina langu linajieleza, nimelichagua mwenyewe kabla hamjanichagulia.

Mimi sina ulemavu wa akili, nina ugonjwa wa akili, watu wanachanganya. Nina diploma. Nikiwa vizuri naongoza duka la kuchapisha hapa Arusha peke yangu. Nikianza kukosa usingizi siku tatu, nahitaji mtu wa kuniambia kaka funga duka uende kliniki. Kazi mbili za kwanza nilipoteza hivyo, si kwa kushindwa kazi bali kwa kutoweka wiki mbili bila taarifa, nikirudi naona aibu kueleza.

Tiba_kwa_vitendo ataniunga mkono, kwa watu wa aina yangu Wamarekani wana mfumo wao, ulianzia New Hampshire kwa wakina Robert Drake na Deborah Becker miaka ya 1990. Hawasubiri upone. Ukisema nataka kazi, wanaanza kutafuta na wewe, na mtu wa ajira anakaa timu moja na daktari wako, hazidishi wateja 20. Mimi sina timu, nina bosi. Nilimweleza siku ya kwanza, tukaandikiana kwenye karatasi: dalili zangu tatu, namba ya dada yangu, na nani anashika funguo. Karatasi iko droo ya chini. Imetumika mara mbili.

---

HR_Njiro

Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kwa nini msiombe huko hela ya makocha?

---

FundiMahema

HR nilienda. Ule ni mkopo wa biashara, unarudishwa. Dada wa maendeleo ya jamii alinisikiliza vizuri tu, akaniambia tuunde kikundi, mdogo wangu afuge kuku. Hataki kuku. Anataka pegi. Ukitazama vizuri, hela ya kumfanya mtu mwenye ulemavu awe mfanyabiashara ipo, hata asiyejua kuhesabu. Hela ya vyuo ipo kidogo. Pale Usa River kituo cha kanisa la KKKT kinafundisha vijana wetu ufundi na kinasifika, Yombo Dar kuna chuo cha serikali. Karakana ya Shanga kule Burka, Arusha, wameajiri viziwi na wengine, wanapuliza vioo vya chupa chakavu, watalii wanajaa. Vyote vizuri. Lakini mtu wa kusimama mlangoni wiki tano kwenye stoo ya mtu binafsi hana fungu popote.

---

BosiMdogo_AR

Nimesoma tangu juu. Napokea ile hoja ya kuchonga nafasi. Kwangu kuna chupa za maji, wageni wanaacha vyumbani, za plastiki na za kioo, hakuna anayezitenganisha. Na soksi. Watalii wanapoteza soksi moja moja nyie hamjui. Ila mshahara? Akifanya nusu ya kazi nimlipe nusu?

---

FundiMahema

Mlipe kwa saa anazofanya, kima kilekile cha mwenzake. Mdogo wangu alianza na "posho" elfu tatu kwa siku na mimi nilinyamaza nikiona tumesaidiwa. Miezi minne baadaye pegi haikuwa imepotea hata moja kwenye mahema yake, nikaenda na daftari la mzee wa stoo, tukafika elfu nane sawa na wengine, mkataba na NSSF. Masika hana kazi, kama wengine wote wa mlima. Aprili yote anaamka saa kumi na moja anavaa buti, anakaa kwenye ngazi. Hilo sijalipatia dawa.

Hela pia nilikosea. Mwanzo ilikuwa inaingia kwenye simu yangu. Jumamosi anaona wenzake wanahesabu noti, yeye anaondoka mikono mitupu, akaanza kuchelewa kazini. Sasa anapewa mkononi mbele ya wenzake. Anatoa ya mama, anatoa ya daladala, inayobaki ni soda na betri za redio. Jirani alishamkopa elfu ishirini, sitamtaja, ila anajua kwamba najua.

---

MamaK_Himo

Nimelia kidogo halafu nimekasirika, mnisamehe. Wa kwenu wanatembea. Binti yangu ana 19, mtindio wa ubongo, mkono wa kushoto tu ndio unamtii, hasemi, ila anaelewa kila kitu na anachagua kwa macho. Kila mtaalamu ananiambia "mkubali alivyo". Nimemkubali siku nyingi, yeye ndiye hakubali kukaa. Jirani ana tanuri la mikate, anatumia mifuko ya kaki, mmoja mmoja anaugonga mhuri kwa mkono. Amesema binti aje ajaribu. Tulijaribu nyumbani: mfuko unakimbia, mhuri unapiga pembeni, anafadhaika. Je, hii ni ya kuachana nayo?

---

Tiba_kwa_vitendo

Mama, usiachane nayo bado. Kwanza mkao wake: kiwiko kiegemee, meza ifike usawa wa kitovu, miguu ikanyage kitu. Mkono ukielea hewani hata wangu utatetemeka.

---

FundiMahema

MamaK, shikamoo. Mfuko usiokimbia ni kazi ya seremala. Aunge fremu ya pande tatu kwenye ubao, mfuko unasukumwa mpaka unagota, ubao wenyewe ubanwe mezani. Mhuri nao usishikwe, ufungwe kwenye mti wenye bawaba, kama ule wa kukamulia ndimu, yeye anakandamiza tu kwa kiganja na unashuka palepale kila mara. Kuna shida moja sijaitatua kichwani: mfuko uliogongwa utatokaje bila mkono wa pili. Labda fremu iwe na mteremko.

Jumanne nipo stoo mpaka saa sita, seremala wangu yuko nyumba ya tatu. Njoo na mhuri wenyewe na mifuko kama ishirini, usije na vipimo vya kukariri. Na uje naye.

---

MamaK_Himo

Marahaba mwanangu. Usafiri wa kumleta na kiti chake ni bajaji mbili, ila tutakuja. Ameshasoma jibu lako kwenye simu yangu, anatazama mlango.